Upele Niliouita wa Wageni

Jumanne na Alhamisi asubuhi, kabla hatujaanza kupokea wagonjwa, ni mimi ninayesimama mbele ya mabenchi na kuwafundisha akina mama. Kituo chetu cha afya ni kidogo, vyumba vinne na veranda, na mzani wa watoto umening'inizwa kwenye boriti. Nafundisha yale magonjwa yasiyoua haraka lakini hayampi mtu raha: minyoo, amibe za tumboni, kiungulia, mapunye, upele, kuwashwa ukeni, uchafu wenye harufu, maumivu ya tumbo la chini. Kesi ngumu tunazipeleka hospitali ya Nyankunde, hizi za kila siku ni zetu. Nina sauti kubwa na sipendi mtu asinzie ninapofundisha. Nikimwona anasinzia, namuuliza swali.

Kwa miaka mingi niliwacheka wanawake wa kwenye mabenchi yale. Mama akiingia chumbani ataanza na kichwa. Atashuka mgongoni, atakaa kidogo kwenye magoti, utamwandikia dawa ya maumivu, atasimama, na mkono ukiwa tayari kwenye kitasa ndipo atasema, "Tena kuko kitu kidogo." Hicho kitu kidogo ndicho kilichomtoa nyumbani. Anawashwa tangu miezi mitatu, ameosha kwa ndimu, ameosha kwa sabuni ya kufulia, ameweka majani ya shangazi yake, na sasa hawezi kukaa kitako. Namkaripia. Siku ya mafundisho nampigia mfano bila kumtaja, na mabenchi yote yanacheka, naye anacheka pamoja nao. Mficha maradhi, kilio humfichua, ndivyo nilivyokuwa nikimalizia kila mara.

Na kuna jambo moja nililolirudia kuliko yote. Magonjwa mengi ya namna hii hayana mgonjwa mmoja. Kuna uchafu wa ukeni ambao mama akimeza vidonge peke yake, mume atamrudishia ugonjwa kabla mwezi haujaisha. Minyoo ya mtoto mmoja ni minyoo ya watoto wote wanaocheza kwenye vumbi lile lile. Na upele ndio mfalme wao. "Bamama, bupele haiko ya mutu moja," niliwaambia. "Iko ya nyumba. Siku moja, batu bote, toka shingo mpaka vidole vya miguu. Baba, mama, mugeni, mutoto wa kunyonya. Kama mubakisha mumoja tu, mulifanya kazi ya bure."

Nayasema haya mapema ili mtu asije akafikiri nilikosea kwa kutojua.

Vidole vyangu vilianza kuwasha mwishoni mwa masika. Kwanza kati ya kidole cha shahada na cha kati, mkono wa kulia, halafu kwenye kifundo, halafu kiunoni mahali ninapofungia kikwembe. Nilijua ni nini siku ya pili. Tulikuwa tumepima watoto wengi wiki zilizotangulia, na mimi huwashika uchi, kifuani, ndiyo kazi yenyewe. Muuguzi kushikwa na upele si ajabu, ni kama mpishi kuungua kidole. Mgonjwa mwingine angekuja na hadithi hiyo ningempa chupa ya losheni bila hata kumtazama mara mbili.

Lakini mimi nilikuwa mke wa mwalimu, mama wa nyumba ambayo watu huingia wakasema sakafu inang'aa. Nilikulia Butembo, kwa mama aliyekuwa akitukagua kucha kila Jumapili kabla ya kanisa, na kwetu upele lilikuwa neno la kuwasemea wengine. Upele ulikuwa wa wale wasiooga. Miaka yote ya shule na ya kazi haikuliondoa neno lile tumboni mwangu. Niliwaambia wenzangu ni alerji ya klori tunayooshea vyombo. Nikavaa suweta ya mikono mirefu chini ya bluzi nyeupe. Mume wangu aliuliza mbona navaa suweta na jua hili, nikamwambia klori, akaniamini. Yeye huniamini, na sikumwonea haya hata kidogo.

Losheni ya upele sikuitumia kwa sababu ina harufu. Kila mtu hapa Bunia anaijua harufu ile, ukipita nayo sokoni watu wanajua umetoka kufanya nini. Nikanunua krimu ndogo, ile ya kupoza alerji, kwenye duka la dawa la mbali na kazini. Krimu ile hupoza mwasho kwa siku chache na huku mdudu anaendelea kuchimba kwa raha zake, maana imemtuliza askari na kumwacha mwizi. Hilo pia nilikuwa nalifundisha.

Wiki ya tatu ya mwasho wangu wageni wakafika.

Alikuwa dada mkubwa wa mume wangu, mjane, na binti zake wawili, mmoja wa miaka kumi na miwili na mwingine wa minne. Kijiji chao upande wa Djugu kilikuwa kimeshambuliwa. Walitembea mpaka Nizi, wakapata lori lililobeba mbao, wakashushwa mjini saa sita za mchana na furushi moja na sufuria moja. Nilimwita yaya, kama mume wangu alivyomwita, kwa kuwa ni mkubwa wetu. Yeye aliniita bibi yetu, yaani mke wetu, kama dada za mume wanavyomwita mke wa ndugu yao, na alilisema neno lile kwa upole sana, kana kwamba mimi ndiye niliyefikiwa na shida.

Nilifurahi kuwapokea. Nataka hilo lijulikane, si kwa kujitetea. Niliwapa chumba cha watoto, wanangu wawili wakahamia sebuleni. Nilipika sombe, majani ya mihogo, na samaki wa chumvi wa makayabu, nikachemsha maji ya kuoga. Nilipomvua yule mdogo nguo ili nimwogeshe, mkono wa mazoea ukamkagua wenyewe: vidole, viganja, kwapa, kitovu, nyayo. Ngozi ilikuwa na mikwaruzo ya njiani na vumbi la siku nne. Upele hakuwa nao. Nilimsugua, nikampaka mafuta, nikambeba kifuani mpaka akasinzia. Niliwatandikia kitanda kwa mikono yangu. Kila usiku kwa wiki zilizofuata yule mdogo alikuwa akiniomba nimshike kidogo kabla ya kulala.

Upele wa mara ya kwanza hauwashi siku ile ile. Mdudu huingia kimya, huchimba, hutaga, na mwili huchukua wiki nne, tano, hata sita kabla ya kutambua kuwa una mgeni. Basi ilipotimia kama mwezi, yule mdogo akaanza kujikuna tumbo. Halafu dada yake, halafu mama yao. Wanangu pia. Mume wangu akaanza kujikuna kiunoni alipokuwa akisahihisha madaftari, akaniuliza, "Sasa iko nini?"

Nikamjibu bila kusimama, nikiwa nachambua maharagi: "Bupele. Batoto ba yaya banakuya nayo. Banakupandaka ku magoti."

Ilinitoka haraka hivyo. Sijui kama niliipanga. Nafikiri ilikuwa tayari imeshapangwa siku nyingi na ilikuwa inangoja kuulizwa tu.

Kuanzia siku hiyo mume wangu hakumbeba tena yule mdogo. Mtoto alikuwa na desturi ya kumngoja mlangoni saa za kutoka shule, akijishika kwenye mfuko wake wenye vumbi la chaki. Sasa mjomba wake alikuwa akiinua kiganja kwa upole na kusema, "Kaa pale kwanza, mama." Mtoto akakaa pale. Nilikuwa naona kila siku, dirisha la jikoni linatazama mlango.

Jumamosi moja nilileta losheni kutoka kazini, chupa za kutosha nyumba nzima. Nilifanya kila kitu kama kitabu kinavyotaka. Nguo zote zikachemshwa, magodoro yakatolewa juani, mablanketi yakafungwa kwenye magunia ya plastiki. Nikawaita mmoja mmoja nyuma ya nyumba, kwenye ua wa mabati tunakoogea. Watoto nikawachanganyia dawa na maji, maana losheni kali inawachoma. Mume wangu alijipaka mwenyewe, mgongo nikampaka mimi. Wifi yangu alisimama mbele yangu amejifunga kikwembe kimoja kifuani, mtu mzima kuliko mimi, nikampaka mabega na mgongo wenye kovu la mzigo wa kuni, naye akanishukuru kwa kila mkono uliopita.

Nilipomaliza alichukua chupa kutoka mkononi mwangu, akaitikisa kidogo.

"Sasa leta mugongo, bibi yetu. Nikupake na weye."

"Mimi niko munganga," nikasema. "Hii haiwezi nikamata."

Nilisema nikicheka. Mikono ya suweta ilikuwa imelowa dawa mpaka kwenye viwiko na sikuwa nimeikunja. Yeye alinitazama muda mfupi, akaweka kifuniko cha chupa, akakikaza vizuri, akaniachia chupa juu ya jiwe. Nilidhani ameamini.

Nyumba nzima ikabaki na mtu mmoja asiyepakwa, na mtu huyo ndiye aliyepika, aliyekunja nguo, aliyeshika kila mtoto. Baada ya majuma mawili mwasho ulirudi. Kwanza kwa watoto wangu, ndio wanaoniegemea kila jioni. Ningeweza kumaliza siku ile. Dakika ishirini kwenye ua wa mabati, na mtu wa kunifikia mgongoni. Badala yake nilikasirika, na hasira yangu ilikuwa ya kweli kabisa, hilo ndilo linalonitisha hadi leo. Niliwaona wageni ndio walioleta. Niliona lile furushi lao pembeni mwa chumba na kusema moyoni, ni pale. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa na digrii ya kutoliona.

Nikatoa sahani tatu za plastiki za kijani na kusema hizi ziwe za wageni. Upele hausafiri kwa sahani. Mtoto wa darasa la nne aliyesikia somo langu mara moja anajua. Nilizitoa kwa sababu nilitaka kuwe na kitu kinachoonekana. Wifi yangu alizipokea kwa mikono miwili. Kuanzia jioni ile alikuwa akiwalisha binti zake kwenye kizingiti cha jikoni, wakimaliza anaziosha sahani zile peke yake kwenye beseni la peke yake, bila mtu kumwomba. Nguo zao akaanza kuzianika kwenye miyenze, miti iliyopandwa kuzunguka ua, si kwenye kamba yetu. Ilikuwa inaniudhi kuona anavyotii. Ningependa agombane.

Halafu wakaja akina mama wa kanisa. Wana desturi nzuri ya kuzitembelea nyumba zilizopokea waliokimbia vita: huleta sabuni, chumvi, kikwembe kimoja, wanaomba, wanakunywa chai. Walikuwa watano. Walikaa kwenye viti vyetu vyenye vitambaa, na yule mdogo akasimama katikati ya sebule akijikuna kwa mikono miwili kama anapiga gitaa. Mama mmoja, mkubwa wao, mke wa mfanyabiashara ninayemwogopa kidogo kwa sababu ya macho yake, alimtazama mtoto, akawatazama na wanangu, halafu akanitazama mimi.

Nikainama upande wake na kushusha sauti, lakini sauti yangu nimeshaieleza.

"Ni hawa bageni. Unajua kule batoka, maji hakuna. Tunabahangaikia tu."

Wifi yangu alikuwa amefika mlangoni na sinia la chai. Nilimwona nilipoinua kichwa. Hakusimama wala hakurudi nyuma. Aliingia, akaweka sinia juu ya meza ndogo, akamuuliza kila mama mmoja mmoja anatumia sukari vijiko vingapi, akakoroga, akawapa kwa kupiga goti, na akina mama wote watano walikuwa wanaitazama mikono yake sasa. Wawili hawakuinywa ile chai. Waliishika mpaka ikapoa.

Niliwahi kusikia watu wakisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Siku ile kamba niliifunga mimi, mbele ya mashahidi, na fundo likakaza.

Siku nne baadaye, asubuhi, wifi yangu alikuwa amekwishafagia chumba na kukunja kila kitu. Akatuambia tukiwa wawili, mimi na mume wangu, tumesimama.

"Siye tunaenda. Kuko nafasi ku site ya batu balikimbia. Na kule karibu kuko bashamba, nitapata kazi ya kulima."

Mume wangu alibishana naye nusu saa. Alimwambia hapa ni kwa ndugu yako, mtu anatoka kwenye nyumba ya matofali anaenda kukaa chini ya turubai kwa sababu gani? Yeye alirudia lile la mashamba. Alisema mkono wake umezoea jembe, kukaa bure kunamuumiza mgongo. Mimi nilisema kidogo. Nilisema, "Yaya, baki." Nilisema mara mbili, na mtu yeyote mwenye masikio angesikia kwamba ni adabu tu. Alinishukuru kwa chakula, kwa chumba, kwa dawa. Nikampa sabuni sita. Walipokata kona, nilirudi ndani na kujisikia mwepesi. Nikafungua madirisha.

Mume wangu hadi jioni alikuwa akisema dada yake ana kichwa kigumu, toka utoto wao. Sikumpinga.

Mwasho haukuondoka na wao. Ungeondokaje? Ulikuwa umekaa pale pale ulipoanzia, na sasa ulikuwa umeshuka matiti na mapaja, na krimu ya duka la mbali ilikuwa imegeuza ngozi ya mikono yangu kuwa laini na nyekundu. Muuguzi mkuu wetu ni mzee mwenye maneno machache, amebakiza muda mfupi astaafu. Ndiye aliyenifundisha kazi nilipofika hapa nikiwa msichana. Siku moja alinipa rejista, na mkono wa suweta ukapanda nilipoipokea.

"Onyesha," akasema.

"Ni alerji tu, muzee. Ile klori."

Aliwasha taa ya simu, akanishika mkono kama anavyoshika mikono ya watoto, akatanua vidole vyangu kimoja kimoja. Akaonyesha kwa ncha ya kalamu vile vijistari vifupi vya kijivu.

"Alerji haichimbake barabara."

Halafu akaniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu mwisho wa masika. Sikuweza kumdanganya mbele ya taa ile. Akauliza, "Na bale bageni balifika lini?" Kituo kizima kilikuwa kinajua habari za wageni wangu, nilikuwa nimemlalamikia kila mtu. Nikamwambia. Akauliza walianza kujikuna lini, nikamwambia hilo pia. Alihesabu, na nilimwona alipomaliza kuhesabu, kwa sababu aliuachia mkono wangu na kuuweka mezani taratibu. Hakunikaripia. Alichukua karatasi ya dawa, akaandika jina langu juu, akaandika losheni, akaandika chini yake: nyumba nzima, siku moja. Akanipa kama anavyompa mgonjwa yeyote aliyetoka njiani.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi na somo lilikuwa langu. Nilimwambia mwenzangu koo linaniuma, akafundisha yeye.

Jioni hiyo, kabla ya chakula, nilimwambia mume wangu. Nilimwambia nikiwa nimesimama, yeye amekaa na kalamu nyekundu mkononi, na watoto wako nje. Nilianza kwa kueleza habari za mdudu, anavyotaga, anavyochukua wiki ngapi, kana kwamba nipo mbele ya mabenchi. Nilikuwa naanza na kichwa na magoti. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa na somo, ndipo nikasema, "Ulianza kwangu. Kabla hawajafika."

"Balifika bazima?"

"Bazima."

"Na yule mudogo pia?"

"Na yeye. Nilimukagua mimi mwenyewe ile siku."

Alirudisha kifuniko kwenye kalamu. Alitazama mlango wa mbele, pale mtoto alipokuwa akimngoja. Nilingoja anitukane, ningeshukuru. Akasema, "Kesho enda weye. Mimi nitamuambia nini?" Akatoka kwenda kukaa nje na hakula.

Tulijipaka siku ile ile, wote wanne. Mgongo wangu alinipaka binti yangu, ambaye aliuliza mbona mama na wewe, nikamwambia mama naye anaugua. Ijumaa mchana nikapanda moto, pikipiki ya abiria, na mfuko wa chupa.

Mahali penyewe ni kilima chenye matope mekundu, na vibanda vya turubai jeupe vimepangwa karibu karibu mpaka mtu akikohoa huku anaitikiwa kule. Niliuliza mjane mwenye binti wawili, kutoka upande wa Djugu. Wengi wako hivyo. Nilipoongeza kwamba mdogo ana miaka minne, mwanamke mmoja aliyekuwa akiteka maji alisema, "Ah, bale ba bupele," akanionyesha kwa kidevu kibanda cha mwisho, kilichoachiwa nafasi kidogo na vingine.

Wifi yangu alikuwa anachambua mboga ya lengalenga. Alisimama haraka, akafuta kigoda kwa kikwembe chake, akanikaribisha. Mdogo alikuwa amelala kwenye mkeka, mikono imevimba, vipele vimekuwa vidonda vyenye usaha na maganda ya njano, maana alikuwa amejikuna kwa kucha chafu na hakuna maji ya kutosha. Nilimshika paji la uso, alikuwa na joto. Kazi iliniokoa kwa muda. Niliomba maji yachemshwe, nikaosha vidonda kwa sabuni, nikaondoa maganda taratibu, nikampa dozi ya kwanza ya dawa ya usaha niliyokuwa nimebeba. Nikaeleza kwamba losheni ingoje vidonda vikauke kwanza, na kwamba vibanda vya jirani lazima vitibiwe pamoja nao, nitarudi na wenzangu. Nilieleza vizuri sana. Alikuwa anaitikia, ndiyo, ndiyo, bibi yetu.

Halafu maneno ya kazi yakaisha.

"Yaya," nikasema, "haikutoka kwenu. Ilikuwa yangu."

"Najua."

Alisema bila kuacha kuchambua majani.

"Ile siku tulifika," akaendelea, "ulikuwa unatutandikia kitanda, na ulikuwa unajikuna. Hapa, na hapa. Nikasema mu roho, atatuambia. Nikangoja. Siku ya kupakana nikachukua chupa, nikasema, leo atasema."

Nilimuuliza kwa nini hakunisema, basi. Kwa nini hakumwambia hata ndugu yake. Siku ile ya chai, mbele ya wale mama, neno moja tu lingetosha. Nikasikia sauti yangu imepanda, kana kwamba nina haki ya kudai.

Alitafuta jani lililooza, akalitupa.

"Weye njo ulitupatia chumba. Kama ningesema, ungetufukuza. Batoto bangelala wapi?"

Nilifungua mdomo kumjibu kwamba siwezi, kwamba sikuwa mtu wa kuwafukuza kwa ajili ya neno kama hilo. Binti yake mkubwa alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo umegusa turubai, ananitazama nijibu. Nikakumbuka zile sahani za kijani, nikafunga mfuko wangu.